Maji Yarudi Baridi

Magharibi ya Jutland, ambako upepo hauna adabu, watu hawapendi kulalamika. Mtu akivunjika mguu atakwambia ingeweza kuwa mbaya zaidi, na nyumba ikiungua majirani watampongeza mwenyewe kwamba walau sasa ataiona bahari. Kwa hiyo Ragnhild Overgaard alipofiwa na mumewe, Thorkild, na watu wakamuuliza anaendeleaje, alijibu, "Naendelea," nao wakaridhika. Hakuna aliyemuuliza anaendelea kwenda wapi.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, mikono ya udobi. Kazi yake ya maisha ilikuwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, kati ya mashuka na mvuke, na hata baada ya kustaafu alikunja taulo zake utadhani amezipigia rula. Thorkild naye alikuwa mtu wa joto. Alifanya kazi katika kiwanda cha joto cha mji, pale pembeni mashamba yanapoanzia, ambako marobota ya mabua ya ngano huchomwa msimu mzima wa baridi. Moto huo huchemsha maji, na maji husukumwa kwenye mabomba yaliyofukiwa chini ya barabara mpaka ndani ya kila nyumba. Hapa mjini hakuna anayejiwashia moto kwake. Maji yanaingia yakiwa ya moto, yanapita kwenye rejeta za ukutani, yale mabamba ya chuma yanayokaa chini ya madirisha, kisha yanarudi kiwandani kupashwa tena.

Na hapo kwenye kurudi ndipo ulipokaa wazimu wa Thorkild. Nyumba yoyote aliyoalikwa, iwe kwa harusi au kwa matanga, kabla hajakaa alikuwa ameshainama pembeni ya sofa ya watu akigusa bomba la chini la rejeta kwa mgongo wa kiganja. Akilikuta la moto, mwenye nyumba amekwisha.

"Maji yakirudi na moto wake, yamekuja kutembea tu!" angefoka. "Mgeni kaja na zawadi, kaondoka nayo! Mimi nachomea nani mabua?"

Akilikuta baridi, aliitikia kwa kichwa kwa furaha na kukubali kahawa. Ragnhild alikula aibu hiyo miaka nenda, miaka rudi. Nyumbani kwao yeye hakugusa koki hata moja ya kuongezea au kupunguzia joto, maana koki zote zilikuwa za Thorkild, kama mashuka yote yalivyokuwa ya Ragnhild. Ndivyo walivyogawana maisha, na yalikuwa maisha mazuri.

Thorkild alifia chumbani mwao msimu wa baridi ulipokuwa unakwisha, Ragnhild ameushika mkono wake. Aliushika hata baada ya daktari kusema basi. Baada ya mazishi aliingia chumbani kuchukua mto, akasimama katikati ya chumba. Koti la kazi la bluu lilikuwa linaning'inia pale pale kwenye mlango wa kabati, na chumba kizima kilinukia Thorkild: moshi wa mabua, tumbaku ya kiko, na ile sabuni ya kijani aliyokataa katakata kuiacha. Ragnhild alivuta pumzi moja, akaogopa kuvuta ya pili asije akaimaliza harufu yenyewe. Akakaza koki ya rejeta mpaka mwisho, akafunga dirisha, akafunga mlango. Toka siku hiyo akawa analala sebuleni kwenye sofa.

Hili kwetu si jambo dogo. Nyumba hupewa hewa kama mtoto anavyopewa uji, asubuhi na jioni: unafungua madirisha wazi kabisa kwa dakika chache, hata theluji ikiwa inaanguka, hewa iliyochoka inatoka, mpya inaingia, unafunga. Asiyefanya hivyo husemwa, na husemwa kwa kunong'ona, ndiyo mbaya zaidi. Ragnhild alifungua madirisha ya jikoni na sebuleni kwa bidii, majirani wakaona, wakaridhika. Lile la chumbani linatazama uwani, upande wa kaskazini, hakuna wa kuliona. Mara moja moja, huzuni ilipomkaba, alifungua mlango kiasi cha kupitisha pua, akanusa, akafunga upesi. Binti yake Signe alipopiga simu kutoka mji wa Aalborg na kuuliza, "Mama, unalala lakini?" alijibu, "Nalala," na huo haukuwa uongo.

Baridi iliporudi aliona hakuna haja ya kupasha vyumba visivyo na watu. Mtu mmoja ana vyumba vingapi? Akakaza koki ya jikoni na ya chumba cha zamani cha Signe, akaacha rejeta moja tu ya sebuleni, akaizungusha mpaka namba tano ambayo ndiyo ya mwisho. Mbele yake akaweka kichanja cha kuanikia nguo. Bado alikaa na sweta mbili, miguu ikimuuma baridi, akijiambia kwamba ujane ndivyo ulivyo.

Adhuhuri moja ya Januari Preben Lykke akagonga mlango. Preben alisukuma marobota ya mabua pamoja na Thorkild tangu wote wawili wakiwa na nywele.

"Shemeji! Mimi Preben!"

"Najua ni wewe. Nani mwingine anapiga kelele mlangoni kama mnadi samaki? Vua viatu."

Akavua. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kimetoboa soksi na kuchungulia nje.

"Na hicho kidole kinakwenda wapi?"

"Kinatafuta mchumba, shemeji. Mwenyewe nimechoka."

Ragnhild akacheka, akajishangaa kwamba amecheka, akaenda kuchemsha kahawa. Walizungumza habari ya upepo. Walizungumza habari ya goti la dada yake Preben. Kwetu mwanamume anayetaja shida yake kabla ya kikombe cha pili hudhaniwa anauza kitu, na Preben alikuwa mtu mwenye malezi, kwa hiyo alikifikia kikombe cha pili, akala na kipande cha keki, ndipo akakohoa.

"Shemeji, wamenituma. Unajua siku hizi mita zote zinasomeka kule kule kiwandani. Sasa mtaa huu kuna nyumba moja inarudisha maji ya moto kuliko zote mjini."

"Ya Egon," alisema Ragnhild bila kusita. "Yule jirani bahili. Nilijua tu."

Preben akaangalia ndani ya kikombe chake.

"Si ya Egon."

Upepo ukasukuma dirisha.

"Usiniambie."

"Ndiyo hivyo, shemeji. Nyumba ya Thorkild. Wenzangu walicheka kidogo, halafu wakaacha kucheka."

Ragnhild alihisi uso unawaka mpaka masikioni. Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini huyu mganga alikuwa kaburini, na aibu yote imeangukia kwa mjane. Preben alikuwa ameshapiga magoti, mgongo wa kiganja kwenye bomba la chini, sawasawa na alivyokuwa akifanya mwenzake. Ragnhild akageuza uso.

"Hili linaunguza," alisema Preben. "Na hiyo tano ni ya nini?"

"Nasikia baridi!"

"Namba si mwendo, shemeji. Ukiweka tano joto haliji mbio. Unaiambia tu koki isijifunge mpaka sebule iwe moto kama kwa muoka mikate. Na haiwezi kufika huko, maana rejeta moja unaitwisha nyumba nzima. Basi koki inabaki wazi saa zote, maji yanapita mbio mbio, hayapati nafasi ya kuacha kitu. Fungua zote, kila moja weka tatu. Yapite polepole, yagawanyike kila chumba, yakitoka yawe yamechoka kabisa."

"Zote?"

"Zote. Chumba baridi kinawanyonya wenzake joto."

"Zote isipokuwa moja," alisema Ragnhild.

Preben si mpumbavu. Alitazama sofa, akatazama duveti, lile blanketi nene la kulalia, lililokunjwa juu yake kwa pembe zilizonyooka, na mto uliowekwa juu ya duveti. Akajiinua taratibu, magoti yakialika.

"Mara ya mwisho umeingia lini humo?"

"Siingii. Nanusa tu."

"Unanusa nini?"

Alitaka kujibu, Thorkild. Jibu lilifika mdomoni likakwama, maana Ragnhild hakuzoea kusema uongo mbele ya mtu anayekunywa kahawa yake. Tangu kabla ya Krismasi pua yake ilikuwa imeshajua. Dobi hahitaji kuambiwa harufu ya shuka lililokunjwa likiwa bichi. Hata ukimfunga macho ataitambua. Alikuwa akifungua mlango, akiisikia, na akifunga akijidanganya kwamba ni yeye, ni Thorkild, ila amefifia.

Alitoka sebuleni na kuufungua mlango wote wa chumbani.

Ukuta wa kaskazini ulikuwa umepigwa madoa meusi kutoka sakafuni hadi magotini, na nyuma ya kabati yalipanda hadi juu. Kioo cha dirisha kilikuwa kinatiririka maji. Koti la bluu lilining'inia zito, na mabegani lilikuwa na kuvu ya kijivu, laini kama vumbi la unga. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, na huyu ndiye mtu pekee ninayemjua ambaye methali hiyo ilimtokea hivi hivi ilivyo. Ragnhild alilishika koti, akalisogeza usoni, akavuta pumzi kwa nguvu. Lilinuka shimo la kuhifadhia viazi. Hakukuwa na moshi humo, wala kiko, wala sabuni.

Akalia. Alilia kwa hasira, amesimama, kama watu wa kwetu wasivyopenda kuonekana wakilia.

"Nilimfungia asitoke," alisema. "Nilimtunza, Preben! Hata pumzi sikuivuta!"

Preben alibaki kizingitini na kidole chake kikichungulia.

"Ni mvuke tu, shemeji. Sufuria zako, nguo zako pale, pumzi zako mwenyewe. Unapita chini ya mlango, unakutana na ukuta baridi, unageuka maji. Kama miwani yangu ninapoingia ndani."

"Usinifundishe mvuke! Nimekula mvuke maisha yangu yote."

"Basi dawa yake unaijua."

Aliijua. Joto na hewa, hakuna nyingine.

"Nikifungua dirisha," alisema polepole, "ataondoka kabisa."

Maneno ya namna hii si kazi ya Preben, lakini aliyajaribu.

"Shemeji, Thorkild hayumo humu. Angekuwemo, na koki imekazwa namna hii, ungekuwa umeshapigiwa kelele zamani."

Kicheko kilimtoka Ragnhild katikati ya machozi, kibaya, cha kupitia puani. Akajifuta kwa mkono, akaenda dirishani, akalisukuma. Upepo ule usio na adabu ukaingia wote kwa pamoja, ukageuza pazia, ukafungua mlango wa kabati, ukapita kitandani upande wa Thorkild na upande wake, ukatoka kwa mlango wa sebule. Ragnhild alisimama katikati yake ameshika koti mpaka meno yakagongana.

Preben alipokwisha kuondoka, alilipeleka koti bafuni. Kabla ya kufua alikung'uta mifuko, kama dobi yeyote. Mfuko mmoja ulikuwa na kipande cha bua. Mwingine ulikuwa na kifunguo kidogo cha shaba, cha kutolea hewa kwenye rejeta, ambacho Thorkild alitembea nacho kama wengine wanavyotembea na saa. Akalifua koti kwa maji ya moto na siki, akalisugua mabega kwa mikono yake yote miwili, akalisuuza mpaka maji yakawa meupe. Lilinukia siki, basi. Akasugua na ukuta.

Koki ya chumbani ilikuwa ngumu. Akaizungusha mpaka tatu, akangoja. Chini kukawa na joto, juu kukabaki baridi, na tumboni mwa rejeta kukawa kunaguruma. Alikuwa amemwona Thorkild akilifanya hili kila vuli bila kuangalia vizuri. Hata hivyo aliingiza kifunguo mahali pake pa pembeni na kukizungusha kidogo. Hewa ikatoka ikifyonya kwa muda mrefu, ikakohoa, ikatema maji kwenye sweta yake. Akafunga. Joto likapanda mpaka juu.

Alikwenda kila chumba na kuweka tatu, kisha akaketi kitandani, upande wake, kungoja. Kulipoanza kuwa giza chumba kilikuwa kimekauka na sweta moja amekwisha kuivua. Ndipo akainama na kugusa bomba la chini kwa mgongo wa kiganja.

Lilikuwa baridi.

Hakuutoa mkono. Aliijua baridi ile. Aliushika mkono wa mumewe mpaka ukafika hapo hapo, na tangu siku ile hakuna kitu alichokuwa amekichukia duniani kama baridi ya mkono ule. Sasa nyuma yake chumba kilikuwa na joto, na jikoni, na sebuleni, na hata chumba cha Signe asimokaa mtu.

Thorkild naye hakuwa amekuja kutembea tu.

"Yamerudi baridi, Thorkild," alisema, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayezungumza na mumewe. Kisha akaenda sebuleni kuchukua mto wake.