Bamba la Langoni

Yule fundi wa magari wa Koboko, Uganda, hafungui injini kabla ya kunusa oili yake. Huchomoa kijiti cha kupimia oili, hukipitisha puani taratibu, kisha hukifuta kwa kitambaa alichokata kwenye gwanda kuukuu la jeshi. Pikapu ya Viktoria, iliyotiwa injini kubwa kuliko yake ya awali, ilipoanza kupandisha joto la oili kila akipeleka mihogo Arua, mafundi wawili walimwambia anunue injini nyingine. Huyu wa Koboko alikaa kando yake garini mpaka Dranya na kurudi, macho kwenye mshale wa joto. Waliposimama gereji aliinama mbele ya bampa, akaligonga kwa kidole bamba la chuma lililofunika rejeta ndogo ya kupozea oili. Kisha akasema, wateja wote wakisikia:

“Mama, injini iko mzima. Hii bamba ya kuzuia mawe, ni mimi nilichomelea. Inaziba upepo. Kosa ni yangu.”

Angenyamaza, Viktoria asingejua kamwe. Bamba lenyewe amelibandua na kulitundika langoni mwa gereji, na mteja akiuliza ni la nini, hujibu, “Ile ni kosa yangu,” huku akifuta spana. Viktoria akipita na mihogo yake, mshale umetulia, huanza kumpigia honi tangu mbali.