Kitabu ya Warusi na Ufunguo ya Djugu

Siye hapa Bigo, watu wakitafuta mufano ya kitu yenye haina kazi, wanasema: "Ni kama vitabu vya muzee." Wanacheka, na miye nacheka nao, sababu vile vitabu vilichelewesha ndoa yangu. Bwana yangu, njo ule muzee, alitumwaka Rusia, kijana, kusoma mambo ya mawe. Siku alirudi, watu walijaa kuona sanduku yake ya bati, kubwa kama jeneza. Mama mukwe alikuwa amekwisha kupanga nani atapata kitenge, nani viatu. Wakafungua: vitabu. Chini ya vitabu? Vitabu! Akakaa chini, akalia kama kwa matanga. "Mutoto amevumilia baridi yote ile, ananiletea makaratasi!" Mahari yangu ikangojea.

Miye masomo niliacha nikingali mudogo, kulea wadogo wangu. Lakini hadithi, ee! Hadithi niko nazo kama mvua. Njo maana nilimwambia: "Basi soma, nisikie nini uliniletea pahali pa kitenge."

Akanieleza mambo ya kule. Vitabu vizuri vilikuwa shida kupata. Mutu anakusanya makaratasi ya zamani, anapeleka kupima ku kilo, wanamupa tikiti, na ile tikiti njo inamupa ruhusa ya kununua kitabu. Nilicheka karibu nianguke. Hapa kwetu kitabu njo inakwenda soko kufunga mandazi!

Na vitabu vingine serikali yao ilikatazaka. Watu walivipiga ku mashini ya kuandika kwa kujificha, karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu, zimepangwa pamoja na karboni katikati, kusudi zitoke kopi nyingi mara moja. Unasoma haraka, unapitisha. Muzee alipewa moja na mama mwenye alilindaka bibliyoteke, nyumba ya vitabu ya shule yao. Yule mama alikuwa anagawa vitabu vya serikali na sura ngumu kama jiwe, kumbe mu mukoba wake iko vingine. Alimwambia: "Isikufie mikononi. Uipitishe, nzima."

Nzima. Ile neno ilikaa mu kichwa yake maisha yote.

Ilikuwa hadithi ya mama mumoja alikwenda soko ya mbali. Kurudi, kijiji haina mutu: askari wamehamisha watu wote mu teluji. Anafunga mulango, anatia ufunguo mu kifua, anafuata nyayo. Muzee alitutafsiria polepole, miye na watoto, na dada yake mudogo, wifi yangu, mwenye tulikaa naye mulango kwa mulango kule Djugu. Nikirudilia watoto na kuongeza chumvi yangu, muzee anakasirika.

"Weye, usitie muhogo mu kitabu ya watu! Kule hakuna muhogo!"

"Sasa alikula nini mu njia?"

"Mukate mweusi."

"Mukate mweusi haishibishe mutoto wa Ituri."

Mwisho ya hadithi aliniambia miye peke yangu: yule mama hakuwakuta. Teluji ilifunika nyayo, hadithi ikamuacha barabarani na ufunguo yake. Nililia. Nilimwomba asiwaambie wengine kwanza, na hakuwaambia.

Halafu vita ikatufikia. Siye watu wa hapa tunajua kukimbia: hauwekake vitu vyote ku kichwa moja. Unga kidogo kwa huyu, chumvi kidogo kwa yule, mumoja akipotea wengine wasife njaa. Na kitabu tulifanya vile. Muzee alitaka abebe yote, nikamukatalia, tukagawanya karatasi. Fungu ya mwisho ilikwenda na wifi.

Siye tukafika Bunia, hapa mu Bigo. Yeye, risasi zilitawanya kundi yao mu njia, watoto wake wakapotelea upande ingine. Mupaka leo hatujue wako wapi. Akafika Tchomia, ku ziwa, peke yake, akafanya kazi ya kukausha samaki. Siku alitupata hapa Bigo, alikuwa na beseni ya samaki ku kichwa, na ku shingo kamba yenye ufunguo ya nyumba ya Djugu. Nyumba yenyewe ilikwisha kuungua.

"Yaya," alimwambia muzee, namna tunaita kaka mukubwa, "karatasi zako nilitia mu jiko ya samaki. Barieri ya wenye bunduki ilikuwa karibu mu njia, walikuwa wanapekua watu. Maandishi ile nani anaisoma? Wangesema niko mupelelezi."

Miye nilificha fimbo ya muzee. Lakini yeye akaanza kucheka, machozi yanashuka. "Dada yangu, sasa weye uko Murusi! Kule nao, wakisikia viatu vya askari ku ngazi, kitabu inaingia mu moto."

Wifi akacheka kidogo, akaacha. "Lakini Yaya, yule mama, aliwakuta watu wake?"

Muzee akaomba maji ya kunywa.

Nyuma ya siku kadhaa padri mumoja akasikia habari. Akasema kule Ulaya iko mabibliyoteke yenye inatafuta karatasi za namna ile, hata zenye kuungua nusu. Atazituma. Shida ni mwisho.

"Mwisho iko mu kichwa yangu," muzee akamwambia padri. "Andika, Mopere."

Wifi alikuwa ku kizingiti, anatoa magamba ya samaki. Kisu ikasimama. Muzee akamuangalia muda murefu.

"Teluji ikaacha kuanguka. Akaona moshi. Ku moshi, watu wake. Mutoto wake akamwambia: Mama, umechelewa, tumekwisha kula."

"Nilijua!" wifi akapiga kelele. "Siku zote nilijua!" Na kisu ikaendelea.

Tulipobaki wawili nilimurukia. "Weye mwenye ulinikatalia hata muhogo!"

"Mama," akasema, "karatasi ya juu inatoka nyeusi. Ya chini kabisa maneno inafifia, na mwenye kupewa ile anajaza mwenyewe. Yetu ilikuwa ya chini."

"Lakini mwisho uliisoma."

"Niliisoma."

"Na uliahidi nzima."

Akageukia ukuta. Hatukuongea ile tena, na leo muzee hayuko tena duniani.

Juzi padri alikuja kuchukua karatasi. "Tate," akaniita vile wajukuu wanaita nyanya yao, "hauna kitu ya kuongeza?" Wifi alikuwa anamumiminia chai, ufunguo inacheza ku shingo. Alikuwa anamuambia kwamba kuko watu wapya wametoka Djugu, kesho atakwenda kuwauliza habari ya watoto wake. Mudomo yangu, yenye Bigo yote inasema inashinda redio, ikafunga. Padri akabeba. Hapa mu maandishi yangu naweza kuyasema, sababu wifi hasomake.

Sasa wajukuu wanalilia ile hadithi. Nawafikisha pahali nyayo zinaanza kupotea, halafu nawatuma maji.

"Tate, malizia!"

Na kutoka jikoni wifi anaitika: "Aliwakuta! Waambie, aliwakuta!"