Watu Elfu Kumi na Moja wa Munshi Girijanandan

Kwa mujibu wa majalada ya Mahakama Kuu, Girijanandan Lal alifahamiana na watu wapatao elfu kumi na moja. Hakuna mwanasiasa wa jimbo letu aliyemkaribia. Kwa kweli aliowajua ni mkewe, binti yake Vinita, wakili wake, muuza tambuu wa lango la tatu, na sisi wachache tuliokaa naye barazani. Na hata sisi, kila tuliporudi kutoka likizo ya kiangazi, alitutazama kwanza kama mtu anayejaribu funguo.

Hao elfu kumi na moja walipatikana hivi. Kila hati ya kiapo inayoingia mahakamani kwetu ina mstari mmoja chini kabisa, baada ya dole gumba la mwapaji: "Mwapaji huyu namfahamu mimi mwenyewe, na ameweka dole gumba mbele yangu." Anayetia sahihi hapo ni karani wa wakili, ambaye sisi humwita munshi. Mwapaji ametoka kijijini, kapanda treni usiku kucha, miguu imemvimba, na karani ndiyo kwanza anamwona. Lakini makarani wangengoja wafahamiane na watu ndipo watie sahihi, hakuna kesi ambayo ingefunguliwa tangu Waingereza waondoke. Kwa hiyo walitia sahihi. Kamishna wa viapo aligonga muhuri bila kuinua kichwa, mwapaji akafuta wino wa dole gumba kwenye nguzo iliyo karibu, na nguzo za baraza letu zikawa na madoa ya buluu mpaka kimo cha bega. Mimi ni wakili, na wateja wangu, siku nilizokuwa nao, niliwapeleka kwa Girijanandan. Alikuwa na mwandiko mzuri.

Tena alikuwa mtu mnyofu, na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Hakula rushwa, hakuficha jalada la mtu. Alikuwa wa jamaa ya Kayastha, watu wa kalamu tangu enzi za wafalme, ambao siku ya pili baada ya Diwali huweka kalamu zao mbele ya Chitragupta, karani wa mbinguni anayeandika matendo ya kila kiumbe, na kuzipaka manjano. Siku hiyo Girijanandan hakuandika hata namba ya simu. Siku zilizobaki aliandika kwamba anawafahamu watu.

Mmoja wa hao alikuwa Sonmati Devi wa kijiji cha Belahi. Mahakama ya wilaya ilikuwa imempa theluthi ya shamba la marehemu baba yake, sawa na ndugu zake wawili, Harkhnath na Bisheshar. Ndugu walikata rufaa Mahakama Kuu kupitia Wakili Upadhyay, ambaye Girijanandan alikuwa munshi wake. Kisha mume wa Sonmati, aliyekuwa akiifuatilia kesi, akafa. Na kabla ya mwezi kwisha ndugu walileta mapatano. Dada yao, walisema, amewaachia shamba lote kwa hiari yake. Walikuja na mwanamke aliyevuta ncha ya sari mpaka kidevuni. Jambo lenyewe halikuwa geni. Kwetu dada anayedai shamba la baba huambiwa ameuza ndugu zake. Dada mwema husaini. Girijanandan alimuuliza, "Dada, umekubali?" Sari ikatikisika. Akaandika kwamba anamfahamu.

Miaka kumi na miwili baadaye Sonmati alirudi Belahi kuulizia theluthi yake, akaonyeshwa karatasi inayosema aliigawa. Alipata wakili, Bi Nusrat, msichana mwembamba aliyekuwa bado anasoma majalada yote mpaka mwisho. Bi Nusrat hakugombana na mapatano wala dole gumba. Aliomba jambo moja tu: aitwe huyo anayesema anamfahamu mteja wake. Jaji akakubali. Girijanandan atafika Alhamisi.

Jumatano Wakili Upadhyay alimketisha chini.

"Girija, nisikilize. Wewe hukumbuki. Jaji akikubana, ulimfahamu. Akikubana zaidi, mama amezeeka, sura imebadilika. Basi."

"Na nikisema kweli?"

"Kweli ipi? Useme watu wote hao huwajui? Haya, kesi za mauaji, za dhamana, za mirathi, zote zirudi mwanzo. Utaangusha paa, bwana, na wewe mwenyewe umo ndani."

Pale barazani munshi mwenzake, Sarju, alimshika mkono. "Munshi, usitumalize. Mimi nina watoto wanne. Halafu nawafahamu watu wengi kuliko wewe."

Asubuhi ya Alhamisi Girijanandan aliwahi mno, akakaa kwenye ngazi ya baraza. Meza yangu ilikuwa hatua nne kutoka pale. Saa nne mwanamke mnene wa makamo, uso wazi, alikuja akakaa ngazi hiyohiyo, akafungua kitambaa chenye unga wa dengu za kukaanga na kitunguu, akaanza kukanda donge.

"Kaka, unajua kusoma?"

"Kidogo," alisema Girijanandan.

"Wakili wangu kaingia ndani, na mimi nataka nijue sasa hivi. Nisomee karatasi hii, hapa chini. Huyu anayesema ananijua anaitwa nani?"

Mwandiko aliutambua kabla karatasi haijakunjuliwa yote. Alisoma jina lake na la baba yake, kwa sauti ya kusomea jina la mtu mwingine.

"Ni mtu wa wapi?"

"Wa hapahapa mjini."

"Ajabu hiyo. Mimi huku ndiyo mara ya kwanza." Alicheka. "Unajua, kaka, niliolewa nina miaka kumi na mitatu. Kule ukweni hakuna aliyenitaja jina hata siku moja. 'Wa Belahi, leta maji!' 'Wa Belahi, ng'ombe kakata kamba!' Nikamzaa Dinanath, nikawa Mama Dinanath. Mume wangu amekufa hajatamka Sonmati. Kumbe huku mjini kuna mwanamume amekaa na jina langu miaka yote hiyo! Nimekuja nimwone sura."

"Utamfanya nini?"

"Nimfanye nini? Nitamuuliza tulionana wapi. Atakuwa bwana mkubwa, eti?"

"Si mkubwa hivyo."

"Ee! Kumbe unamjua!"

"Namwona-mwona tu."

"Basi kula, kaka, unaonekana hujala tangu jana." Akamkatia donge la unga na nusu ya kitunguu. Girijanandan alipokea, akala. Nimeona watu wakisomewa kifungo cha maisha. Sijaona mtu aliyetafuna kwa shida kama yule. Mimi niliyasikia yote. Nilikuwa na jalada mbele yangu, nikaligeuza ukurasa.

Jaji siku hiyo alikuwa na mafua na hakuwa na haraka, hali mbili ambazo mawakili huziogopa zikikutana. Jina la Girijanandan lilipoitwa, akasimama, Sonmati aligeuka kumtazama. Alimtazama kama mtu anayesubiri aambiwe kuwa ni mzaha.

"Sahihi hii ni yako?" aliuliza Jaji.

"Ni yangu, Mheshimiwa."

"Siku hiyo ulimfahamu mama huyu?"

Feni ilizunguka. Wakili Upadhyay alikuwa akikagua kucha zake.

"Nilimfahamu, Mheshimiwa."

"Kwa vipi?"

Swali hilo Upadhyay hakuwa amelifundisha. Girijanandan alifumbua mdomo, na kilichotoka kilikuwa tayari kimo humo, bado kinanuka kitunguu.

"Kwao ni Belahi, Mheshimiwa. Aliolewa akiwa na miaka kumi na mitatu. Mwanawe wa kwanza anaitwa Dinanath."

Alisema kwa sauti iliyonyooka, kama anayesoma. Upadhyay aliacha kucha zake akamwangalia kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa tangu amwajiri. Harkhnath alimkanyaga mdogo wake mguu kwa furaha. Jaji aliandika. Bi Nusrat alipekua karatasi zake, na ilionekana wazi kwamba alichokuwa akikitafuta hakikuwemo.

"Mama," alisema Jaji, "ni kweli mtu huyu anakufahamu?"

Sonmati alivuta ncha ya sari akafunika kichwa, jambo ambalo hakulifanya asubuhi nzima.

"Ni kweli, Mheshimiwa. Tangu saa nne leo."

Watu wakacheka. Karani wa mahakama akapiga meza.

"Nimemweleza mwenyewe pale nje," aliendelea Sonmati taratibu, macho chini, kana kwamba mwenye kosa ni yeye. "Nilidhani ni mpita njia. Nimempa na kitunguu."

Safari hii walicheka mpaka waliokuwa wakingoja kesi za mauaji. Jaji hakucheka. Alipenga kamasi, akakunja leso yake, akaiweka pembeni.

"Munshi, nakuuliza mara ya pili, na hakuna ya tatu. Shauri hili ni la madai. Jibu lako likitoka kama lile la kwanza, litakuwa la jinai, na mshtakiwa utakuwa wewe. Ulimfahamu?"

"Sikumfahamu, Mheshimiwa. Uso wake nimeuona leo."

"Aliyeweka dole gumba alikuwa nani?"

"Alijifunika, Mheshimiwa. Nilimuuliza kama amekubali, akatikisa kichwa."

"Ulimuuliza nani?"

"Sijui."

"Na wengine uliowatambulisha mahakamani hapa?"

Nyuma yangu Sarju alivuta pumzi, akabaki nayo.

"Wengi sikuwafahamu, Mheshimiwa."

"Uliowafahamu ni wangapi?"

Mtu mwingine angesema wachache. Girijanandan, kwa kuwa alikuwa mnyofu, alihesabu. Midomo ilikuwa ikicheza. Tulingoja.

"Kumi na wanne," alisema. "Mmoja ni shemeji yangu."

Amri ilisomwa kabla ya chakula cha mchana. Mapatano yamefutwa; rufaa itasikilizwa upya, Sonmati akiwepo; ndugu wajieleze ni nani waliyemleta. (Alikuwa mke wa Harkhnath, na hata yeye hakuambiwa anaapia nini. Aliambiwa wanakwenda mjini kuona hekalu.) Girijanandan hatashtakiwa kwa kuwa mwishowe amesema kweli, ila arudishe kitambulisho chake cha munshi leo hii. Na kuanzia mwezi ujao, kila hati ya kiapo ibandikwe picha ya mwapaji.

Alirudisha kitambulisho dirishani. Alipotokea barazani, makarani wakawa na shughuli nyingi ghafla. Sarju peke yake ndiye aliyesema, tena akiiambia nguzo: "Picha! Sasa mkulima akitoka kijijini akapige picha kwanza, kwa sababu bwana mmoja amekumbuka dhamiri jioni ya maisha." Muuza tambuu, aliyemfungia tambuu kila mchana kwa miaka thelathini na mmoja, alimuuliza anataka nini.

Alimkuta Sonmati langoni, akingoja.

"Dada," alisema, akakunja viganja vyote viwili mbele ya uso. "Dada, nimekukosea. Mara mbili."

Nadhani alitaka atukanwe. Alikuwa amejiandaa kwa tusi. Alikuwa amesimama kwa namna ya mtu anayetaka kofi limpate vizuri.

"Kaka," alisema Sonmati, "hiyo ya leo, sawa, umenikosea, na chakula changu kimo tumboni mwako. Lakini ile ya zamani nianze kukulaumu wewe? Wewe hukunijua. Wao walinijua."

Akaonyesha kwa kidevu. Harkhnath na Bisheshar walikuwa wamesimama kituoni, upande wa pili wa barabara. Basi la kwenda Belahi lilikuwa moja tu kwa mchana huo. Sonmati alivuka, akasimama hatua kumi kutoka kwa ndugu zake, na watatu hao wakatazama upande mmoja, kule basi litakakotokea, kama watu wasiojuana. Lilipofika, ndugu walipanda mbele, yeye nyuma. Girijanandan alibaki langoni mpaka vumbi likatulia, mkoba wa majalada ukiwa bado mkononi. Ilibidi mtumishi wa Upadhyay aje kuuchukua.

Nyumbani mkewe alishangaa kumwona jua likiwa juu.

"Baba Vinita, kulikoni? Umeumwa?"

Alimwambia. Alimwambia habari ya mwanamke aliyejifunika, ya sahihi, ya Jaji na mafua yake, ya kitambulisho, hata ya wale kumi na wanne, na mkewe akasema kwamba kusema kweli mbele ya watu wote si jambo dogo, na kwamba baba yake marehemu angejivunia. Tangu hapo, majirani wakija, mkewe huwasimulia hivyo: mume wangu aliulizwa, akasema kweli. Girijanandan huinuka akaenda kumwagilia mche wa mtulasi, mrehani wa ibada, uani, hata kama umeshamwagiliwa.

Ile ya ngazini, na ya Dinanath, hakumwambia. Sisi tuliokuwepo tunaijua, na anajua kwamba tunaijua, ndiyo maana akituona sokoni hutupita kama mtu asiyetufahamu.