Dume Mwenye Madoa wa Rebero

Mimi nimezaliwa Bujumbura, katika mtaa ambao mtoto anajua kujibizana kwa Kiswahili kabla hajajua kusali, kwa hiyo mdomo wangu hauna kufuli. Nilipoolewa Kigali, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mama mkwe wangu aliligundua hilo siku ya kwanza tu. Tuliishi naye kiwanja kimoja, Rebero, juu kilimani. Mume wangu alishuka kila asubuhi kwenda ofisini Kiyovu, mimi nikabaki na mama na nguruwe wake. Yaliyokuja kuipata nchi baadaye kila mtu anayajua, na hapa sitayachanganya na nguruwe.

Nguruwe nilikuwa nawajua. Nilisoma shule ya mifugo kule kwetu, nikafaulu, na sioni haya kusema nilikuwa hodari. Lakini thubutu kumwambia mama mkwe habari za shule! Alinisikiliza, akaitika "yego, yego," kisha akafanya alivyotaka.

Sasa, mama alikuwa na ahadi shingoni. Mumewe alipofariki, wanawake wenzake wa kilimani walimlimia shamba kwa zamu, msimu baada ya msimu, bila kumdai chochote. Huku mtu aliyekusimamia hivyo humwachii asante ya mdomo. Unampa mnyama jike azae kwake, na kuanzia hapo mnakuwa ndugu. Ng'ombe mama hakuwa nao. Basi Jumapili moja, watu wakitoka misa, aliwaita wale wanawake akawaahidi mbele ya kila mtu kwamba baada ya Noeli ijayo kila mmoja atapata mtoto wa nguruwe jike, tena wa mbegu ya kisasa. Alikuwa mjane mwenye fahari kali, na neno lake ndilo lililokuwa mali yake kubwa. Akishindwa kulitimiza, asingeweza kukanyaga tena kanisani.

Mbegu hiyo ya kisasa ilikuwa dume mmoja mweupe, mrefu, aliyempata kwenye mradi wa mifugo. Weee, alivyompenda! Alimjengea banda la mabati na sakafu ya saruji, maana kwake yeye kiumbe wa heshima halali chini ya nyasi. Kilima kizima kilipatwa na wazimu huohuo. Majirani waliwahasi madume wao weusi wa kienyeji wote, wakawa wanangoja zamu ya kuleta majike kwa mweupe wa mama. Mimi peke yangu nilibakiza mmoja. Alikuwa mtoto wa mweupe huyohuyo, aliyezaliwa na jike mweusi wa mwisho aliyekuwapo pale kwetu, mwenye madoa mwili mzima. Mama alipanga ahasiwe, anenepeshwe, aliwe Noeli.

Kiangazi kikaingia. Sisi wa Bujumbura huwa tunacheka tukisikia watu wa Kigali wanalalamika joto, lakini nguruwe hana jasho la kumpoza, na chini ya mabati yale mchana palikuwa pa kuoka mikate. Majike waliopandwa na mweupe walirudi kutaka dume. Wakapandwa tena, wakarudi tena. Mama akaanza kuwalaumu wao.

"Hizi ngurube iko na laana," akasema. "Tuuze, tununue zingine."

"Mama, majike hawana kosa," nikamwambia. "Dume wako ndiye ameharibika. Joto limeipika mbegu yake."

Alinitazama kuanzia utosini hadi unyayoni. Hata hivyo alikubali tumtoe kwenye mabati, tukamweka chini ya mparachichi na kummwagia maji. Akapata nafuu kidogo, na mama akaimba siku nzima. Mimi sikuimba. Hata kivulini, jua likipanda, yule mweupe alilala ubavu akitweta, hataki chakula, na mwenye madoa alikuwa hatua chache kutoka pale, kivuli kilekile, anatafuna majani ya viazi.

Hapo ndipo nilipokuwa na hakika. Banda lilichangia, lakini jambo lenyewe lilikuwa kwenye damu. Mweupe alichaguliwa Ulaya, baba na babu yake, kwa kukua upesi, na mwili unaokua upesi unatoa joto lake wenyewe jingi. Hakuna aliyewahi kumchagua kwa kuvumilia jua. Wazazi wa yule jike mweusi waliishi kwenye vilima hivi miaka na miaka, na asiyeweza joto hakuacha watoto. Mwenye madoa alichukua mgongo wa baba yake na pumzi ya mama yake. Wala msidhani ni rangi! Alikuwa na kaka yake wa tumbo moja, mweusi kumshinda, ambaye mchana alitweta kama baba yao. Yule nilimwacha ahasiwe bila huruma. Ukitaka kujua nani amerithi nini, unatazama mbavu zake saa saba mchana.

Asubuhi moja narudi kisimani, nakuta fundi wa kuhasi amekaa uani, anakunywa chai, wembe wake umeshachemshwa. Mama alikuwa amemwita bila kuniambia. Damu ilinipanda kichwani. Niliweka ndoo chini, nikaenda kusimama kwenye mlango wa banda la mwenye madoa, nikajifunga kanga kiunoni.

"Toka hapo," mama akasema.

"Sitoki."

"Oya! Mkwe gani huyu? Hapa ni kwa nani?"

"Ni kwako, mama. Na ahadi ni yako. Fundi akimaliza kazi leo, baada ya Noeli utawapa nini wenzako? Mkia wa mweupe?"

Fundi akapaliwa na chai. Nilijua nimevuka mpaka, lakini nilikuwa na hakika kwa hiyo sikunyamaza. Nikamwambia mama angoje hadi mchana, amwagie madume wote wawili chakula kilekile, aone mwenyewe. Nikikosea, nitamshikia fundi miguu ya mnyama kwa mikono yangu.

Tulingoja. Jua lilipokuwa utosini, mama alimimina pumba na maganda ya ndizi mbele ya kila mmoja. Mwenye madoa alifagia chake chote. Mweupe hakuinua hata kichwa. Mama alichuchumaa kando yake, akamwekea mkono ubavuni, akahesabu pumzi zake kimoyomoyo huku midomo ikicheza. Alikaa vile mpaka nikamwonea huruma. Kisha akainuka na kumwambia fundi aende nyumbani.

"Na kama hata huyu atashindwa?" akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Hatashindwa."

Majike walipandwa na mwenye madoa wiki hiyohiyo, na hawakurudi. Walizaa mvua za mwisho wa mwaka zikiwa bado zinanyesha, watoto wa kila rangi, weupe, weusi, wenye mabaka, wanagombania maziwa kwa kelele. Niliruka uani peke yangu kwa furaha. Mama aliwatazama, akasema wako wengi, akaenda kupika.

Siku ya kuwatoa, watoto walikuwa wameshaachishwa ziwa. Wanawake walikuja na vitenge vyao vya Jumapili, na mama akampa kila mmoja wake. Wakafurahi, wakamkumbatia. Kisha mmoja wao, mwenye macho makali, akamgeuzageuza wa kwake mwenye mabaka, akauliza: "Baba yao ni yule mweupe, sivyo?"

Mama angeweza kuitikia tu. Kuinamisha kichwa mara moja kungetosha, na heshima ya dume wake mweupe ingebaki kamili. Niliangalia chini, sikutaka aone ninangoja nini.

"Hapana," mama akasema. "Mweupe alishindwa na jua, na mimi nilishindwa kuona." Akaenda akafungua banda la mwenye madoa, akamtoa uani mbele ya wageni wote. "Baba yao ni huyu. Nilileta fundi amhasi. Mke wa mwanangu akanisimamia mlangoni, akanifokea, na ahadi yangu kwenu ikapona."

Wanawake wakanigeukia wote. Mama akaingia zizini, akatoka amembeba jike mdogo wa mwisho, aliyekuwa amembakiza kwa ajili yake mwenyewe, akaniwekea mikononi.

"Na wewe ulinilimia," akasema.