Ndege ya Taratibu

Fundi makochi wa mtaa ule aliitwa Taratibu, na jina likamkaa kama shati la kupimwa. Alikuwa pande la mtu, mpole, asiyejua kukimbia wala kukwepa. Akivuka barabara, baiskeli ndizo zilizompisha. Basi shemeji yake, fundi simu, mdogo wa mkewe, alipoleta mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege za vita, Taratibu hakusita: alichagua ndege ya mabomu, injini nne, tumbo kubwa, mwendo wa kobe.

"Hii ndiyo ndege ya mtu mzima," alisema.

Shemeji, aliyeketi na kompyuta yake upande wa pili wa meza, alirusha kindege cha kivita, chepesi kama nzi. Kila jioni alimtungua. Taratibu alielekea daraja la adui bila kupinda, kama mtu aendaye msibani. Kindege kikamjia kwa nyuma, kikammiminia risasi, bawa likang'oka.

"Mchezo una upendeleo," alilalamika. "Ndege yangu imeundwa kwa makaratasi."

"Makaratasi gani, shemeji? Unapita angani kama kochi linalohamishwa. Kata kona, basi."

"Nikikata kona nitalikosa daraja."

"Kwani umewahi kulifikia?"

Hilo lilimchoma. Kesho yake karakanani, akivuta kitambaa juu ya sponji, aliwaza mpaka akajipiga pini kidole gumba. Jioni akamwendea mkewe, aliyekuwa akikunja nguo.

"Mke wangu, ndege yangu ina bunduki mkiani, na haina mtu."

"Nimpige nani?"

"Mdogo wako."

Mkewe akaweka shuka chini. "Huyu tangu utotoni ananidai kipigo," akasema, akavuta kiti.

Kwa ushauri wake walipanda juu sana, hata kindege kikawa kinahema kuwafuata. Kilipotokea nyuma, mke akatoa amri. "Pinda kushoto. Sasa kulia. Kulia, baba, ule mkono unaoshikia kijiko." Taratibu akapinda huku jasho likimtiririka, na meza nzima ikapinda naye. Mkewe hakuwa na haraka. Alingoja kindege kijae machoni, akafyatua. Moshi ukafuka. Shemeji akaanguka shambani, akinung'unika kwamba dada yake amemwonea.

Walirejea injini moja ikiungua, mkia umetoboka kama chekeche, wakatua salama. Taratibu akasimama, akampa mkewe mkono, rubani kwa rubani.

Shemeji alikuwa akichungulia kioo chao. "Na mabomu?"

"Yamefanyaje?"

"Yote yamo tumboni. Daraja mmelipita juu, mnapongezana."

Taratibu akakaa tena, polepole.

"Leo tulitoka kutafuta uzima," mkewe akasema. "Daraja haliendi popote."

Kesho yake mume alipotoka karakanani alimkuta mkewe amekwisha kuiwasha kompyuta, na nguo bado ziko kambani.