Firigisi ya Afande

Afande aliwaambia wanamgambo wabebe vitu vitatu kwenda Bonga kulenga shabaha: maji, pamba ya masikioni na akili. Kornelia, ambaye mtaani kwao Sigino wanamwita Mama Hope, alivisikia vyote vitatu, akaenda nyumbani akachinja kuku.

Mtu asimcheke. Mwenye kiwanda cha kukamua alizeti kule Singe alikuwa amemwahidi kazi ya kulinda geti, kwa sharti kwamba alete cheti cha mgambo. Na cheti kinapitia kwenye shabaha. Unapewa risasi tano, tatu ziguse ubao. Zikigusa mbili, unarudi kupalilia mahindi ya watu mpaka mafunzo ya mwakani, na geti linapata mwenyewe. Kornelia alikuwa anapalilia mahindi ya watu tangu hajaolewa. Mgongo wake ulikuwa unaomba kazi yenye kiti.

Sasa, Afande huyu alikuwa mgeni, ameletwa juzi tu kutoka Kiteto kushika nafasi ya aliyestaafu. Jina lake hakuna aliyelijua. Afande haulizwi jina. Unaitika "Ndiyo Afande", mnaachana salama. Lakini Devotha, jirani yake Kornelia aliyemaliza mgambo zamani, alimhakikishia kwamba hawa watu hawatofautiani. Yule aliyestaafu, alisema, ukimpelekea paja la kuku alikuwa anaanza kuona matundu ambayo hata ubao wenyewe haukuwa na habari nayo.

"Mama Hope, wewe pakia chakula," alisema Devotha. "Kulenga watalenga wengine."

Kwa hiyo Ijumaa asubuhi begi likawekwa kitandani. Lilikuwa begi la shule la Hope, la pinki, lenye katuni ya binti aliyevaa taji. Mume wake, Ludovick, alisimamia upakiaji kama anayepakia lori la vitunguu. Hotpoti ya kuku iliingia kwanza, ikakaa katikati kama mwenyekiti wa mtaa, chapati zikabanwa pembeni. Ludovick akaongeza sweta, kwa sababu mke akienda popote yeye huongeza sweta. Zipu ikagoma. Ikatolewa pamba. Zipu ikagoma tena, yakatolewa maji. Akili haikutajwa.

Kisha Ludovick akauliza, macho yakiwa dirishani, "Firigisi umemwekea?"

Tangu waoane, firigisi ya nyumba ile haikuwahi kuliwa na mdomo mwingine zaidi ya wake.

"Nimemwekea, Baba Hope."

"Sawa," alisema Ludovick. "Ni kwa ajili ya geti."

Kule Bonga, Kornelia alikuta kila mwanamgambo ana Devotha wake. Chini ya mgunga mahotpoti yalikuwa yamepangwa kama harusini. Akaona asizembee. Akawapita wenzake na birika la kunawisha, akapiga goti kidogo, akamkaribisha Afande firigisi kwa jina lake, yaani jina la firigisi.

"Mimi naitwa Mustapha, Mama," alisema Afande taratibu. "Ni Ramadhani. Nimefunga."

Mfuniko mmoja ulisikika ukirudishwa. Kisha mwingine. Hapo ndipo Kornelia, Mkatoliki wa jumuiya na kwaya, alipokumbuka kuwa na yeye yuko kwenye Kwaresima, tena Ijumaa, siku isiyoliwa nyama, na kwamba hata chumvi ya ule mchuzi hakuionja. Wenzake nao wakakumbuka mmoja mmoja, wakiangalia chini. Aliyebaki ni Jesse, dereva wa lori lililowaleta, mlokole ambaye kanisani kwao Ijumaa ni siku kama siku nyingine. Jesse alitafuna ile firigisi mara mbili, akahamia hotpoti ya jirani.

Kwa kuwa alikuwa amejipeleka mbele, Kornelia akaitwa wa kwanza. Pamba hana. Akakata chapati, akafinyanga vidonge viwili, akaziba masikio. Mdomoni haikupita, kwa hiyo mfungo ulibaki mzima.

Akalala kifudifudi, akafumba macho kama alivyozoea kwenye mazoezi, akafyatua. Risasi ikaenda kusalimia kilima. Ya pili ikaifuata. Zikabaki tatu, na zote tatu zilitakiwa kwenye ubao. Alimtafuta Afande kwa pembe ya jicho, akamwona amesimama na tumbo lake tupu, hana huruma wala njaa ya mtu. Hakukuwa na msaada mwingine uliobaki. Kornelia akafumbua macho.

Zilipokwisha, Afande alitembea hadi kwenye ubao, akaingiza kidole tundu moja moja.

"Matatu. Umepita."

Kornelia alichomoa chapati ya sikio la kulia.

"Hesabu tena, Afande."

Akahesabu tena. Yalikuwa yale yale.

"Nikuletee nini sasa?"

"Kitambulisho. Niandike jina."

"Na kingine?"

"Kingine kipi, Mama?"

Kornelia alimtazama vizuri. Watu wa namna hii, aliwaza, ndio huwa ghali kuliko wote. Akamkabidhi kitambulisho kwa mikono miwili, kisha akamuuliza, kwa sauti ya chini, jioni huwa anafuturu wapi.