Mukaba wa Ngozi ya Tumbo

Mimi ni fundi wa mikaba hapa Mabanga, na heri niwaambie mwenyewe mbele majirani hawajawaambia. Muzee aliyenifundisha kazi alisema kila siku: "Mukaba unakatwa kwa mugongo wa ng'ombe. Ngozi ya tumbo inavutika." Mimi nikajifanya kumupita akili. Nikajikatia wangu kwa tumbo kwa sababu ni laini, nikauvaa na suruali niliyoachiwa na kaka yangu, mutu munene.

Kila juma mukaba ukalegea. Nikaamini ninakonda! Nikatoboa tundu lingine, na lingine. Bibi yangu wa ndoa akaniongezea fufu kwa sahani, akaanza na kuniombea.

Jumapili kanisani tukapeleka matoleo kwa kucheza, beseni ya maharagi kichwani kwangu, mikono yote juu. Suruali ikashuka. Mbele haijafika magotini, mikono miwili ikaidaka kwa nyuma. Muzee wangu wa kazi! Akaishikilia, tukacheza hivyo mpaka altare, wamama wakipiga vigelegele wakizani ni danse mpya. Mungu amubariki.

Pale Muzee akaninongoneza: "Ulikata ngozi ya wapi?"

Nikasahau mikro ya padri iko karibu. Kanisa lote likasikia:

"Ya tumbo, papa. Aksanti."